Maneno Magumu ya Kiingereza na Wanafunzi wa Lodwar na Kakuma

Kutoka mji wa Lodwar, ulio kando ya mto Turkwel, barabara ya kwenda Kakuma huelekea kaskazini-magharibi mwendo wa kilomita zipatazo 120. Nchi yenyewe ni ya mchanga, mawe na miti ya miiba, na jua lake halina huruma. Lakini kila jioni, katika mabweni ya shule na katika nyumba za mabati na maturubali, vijana kwa mamia hufungua vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ambayo si ya baba zao wala si ya mama zao.

Huko Lodwar na vijiji vyake mtoto huzaliwa katika Kiturkana, akakutana na Kiswahili sokoni, kisha akafundishwa kwa Kiingereza darasani. Huko Kakuma mambo yamezidi. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwaka 2016 makao ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu karibu nayo. Leo hukaa huko watu zaidi ya 200,000, na masikio ya mpita njia husikia Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kioromo, Kirundi, Kiarabu, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo. Hata hivyo wana wa lugha hizi zote hukalia madawati ya namna moja, wakajibu maswali ya mtihani mmoja kwa lugha moja.

Mtihani wenyewe unajulikana. KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na somo la Kiingereza limegawanywa katika karatasi tatu: ya kwanza ina alama 60, ya pili 80, na ya tatu 60. Katika karatasi ya pili mwanafunzi hupewa habari asome, kisha huulizwa maana ya maneno kama yalivyotumika katika habari ile. Katika karatasi ya tatu hudaiwa insha juu ya vitabu vilivyoteuliwa: mhusika huyu ni mtu wa namna gani, na ushahidi wako ni upi? Kijana aliyesoma kitabu kizima lakini hana neno la kueleza tabia ya mtu aliyemsoma ni kama mchungaji aliyechimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, akachoka na kuacha mkono mmoja tu kabla ya kufikia maji. Taabu ameipata, kiu hakuiondoa.

Wala hasara yake haiishii katika alama. Shirika la WUSC la Kanada, ambalo mpango wake wa wanafunzi wakimbizi ulianza mwaka 1978, limewachukua vijana kutoka Kakuma kwenda kusoma katika vyuo vya nchi ile, na njia ya kwenda huko hupitia katika Kiingereza cha kusema na cha kuandika. Na kwa kijana wa Lodwar, barua ya kuomba kazi, fomu ya kuomba msaada wa karo na hati nyingi za ofisi huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Basi neno moja lililowekwa mahali pake laweza kufungua mlango, na neno moja lililopotoka laweza kuufunga.

MANENO MANGAPI YANATOSHA?

Wanafunzi wengi hukata tamaa kwa sababu huona kamusi ilivyo nene, wakadhani hapana budi kuimeza yote. Sivyo. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza, Michael West, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yatumikayo sana kuliko mengine. Maneno hayo ndiyo unga wa ugali: pasipo hayo hakuna chakula. Mtaalamu mwingine, Paul Nation wa New Zealand, alionyesha mwaka 2006 kwamba msomaji atakaye kusoma riwaya au gazeti bila msaada huhitaji kujua koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000, ili ajue maneno 98 katika kila 100 ayasomayo. Maana yake ni hii: katika ukurasa wenye maneno 300, yasizidi maneno sita yaliyo mageni kwake. Yakizidi sana, fikira hukatika kila mstari, na hadithi huwa mzigo.

Hesabu hii isimtishe mtu. Kijana ajifunzaye maneno matano kila siku, siku sita kwa juma, hupata maneno 30. Katika muhula wa majuma 12 hupata 360. Katika mihula mitatu 1,080. Na katika miaka minne ya sekondari 4,320. Hata chini ya mtaala wa umilisi, ambao sekondari yake ya juu ni ya miaka mitatu, atapata 3,240. Akiongeza yale 2,000 ya msingi amekwisha kuvuka nusu ya safari. Wala haendi peke yake, kwa kuwa neno moja mara nyingi huja na ndugu zake.

NENO LINA UKOO

Hapa ndipo penye siri kubwa ya jambo hili. Maneno mengi magumu ya Kiingereza hayakuzaliwa Uingereza. Yalitoka katika Kilatini na Kiyunani, nayo yana shina, kama vile mtu alivyo na ukoo. Ajuaye shina hutambua watoto, hata asipowahi kuonana nao.

Mwanafunzi wa Turkana ana bahati ambayo wengi hawana, maana ardhi ya nyumbani kwake imewapa wataalamu wa dunia majina mengi ya namna hiyo. Mwaka 1984, huko Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kilichowafikisha watafiti kwenye kiunzi cha kijana aliyeishi zamani za miaka yapata milioni moja na nusu. Baadhi ya wataalamu humhesabu katika jamii ya “Homo ergaster”. “Homo” ni mtu kwa Kilatini. Kutoka hapo lilitoka “homicide”, yaani kuua mtu. “Ergaster” ni mfanya kazi kwa Kiyunani, na shina lake, “ergon”, limo ndani ya “energy”, yaani nguvu.

Mwaka 2001 ulitangazwa ugunduzi wa fuvu lililopatikana Lomekwi, likaitwa “Kenyanthropus platyops”. “Anthropos” ni mwanadamu. Basi atakayekutana na “philanthropist” katika riwaya ataona kwamba ni mtu apendaye wanadamu, naye “misanthrope” ni mtu awachukiaye. “Platys” ni bapa au pana, nalo limezaa “plateau”, yaani uwanda wa juu. Huko huko Lomekwi watafiti walipata mwaka 2011 zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3. Jiwe kwa Kiyunani ni “lithos”. Kwa hiyo “monolith” ni jiwe moja kubwa lisimamalo peke yake, na “Neolithic” ni zama mpya za mawe.

Tena lugha ya Waturkana yenyewe imeingia katika elimu hiyo. Mwaka 1995 Meave Leakey na wenzake walitoa jina “Australopithecus anamensis” kwa viumbe wa kale ambao mifupa yao ilipatikana Kanapoi na kwingineko. Hilo “anam” si Kilatini. Ni neno la Kiturkana, maana yake ziwa. Mtoto wa Lodwar asomaye jina hilo asidhani kwamba elimu yote ilitoka ng'ambo.

Maneno ya darasa la fasihi nayo ni hivyo hivyo. “Soliloquy” ni maneno ya mhusika asemaye peke yake: “solus” ni peke yake, “loqui” ni kusema. Ndugu zake ni “eloquent”, msemaji hodari, na “loquacious”, mwenye maneno mengi. “Metaphor” ni kubeba kitu kutoka hapa hata pale, kama vile punda wabebavyo vyombo wakati mji uhamapo kufuata malisho. Katika somo la Kiswahili jambo hilo huitwa sitiari, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kuazima. Myunani aliona kubeba. Mwarabu aliona kuazima. Nao wote wawili walisema jambo moja. Mwanafunzi aliyefundishwa tashbihi, sitiari, chuku na kinaya saa ya Kiswahili asianze upya saa ya Kiingereza. Avuke daraja lililokwisha kujengwa.

MCHUNGAJI NA MLAJI

Mwaka 1066 Mtemi William wa Normandy alivuka bahari akaishinda Uingereza, na tangu hapo mabwana wa nchi wakasema Kifaransa kwa muda mrefu, wakati wenyeji waliokuwa chini yao waliendelea na lugha yao. Alama ya mambo hayo ingalipo mezani hata leo. Mnyama aliye hai malishoni ana jina la kienyeji: “ox”, “calf”, “sheep”, “pig”. Akiisha kuchinjwa na kupikwa, jina lake hugeuka kuwa la Kifaransa: “beef”, “veal”, “mutton”, “pork”. Aliyechunga alikuwa na jina lake, na aliyekula alikuwa na lake. Wafugaji wa Turkana hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa sababu hiyo Kiingereza kina maneno mawili au matatu kwa jambo moja. “Ask” ni neno la nyumbani. “Question” lilitoka kwa Wafaransa. “Interrogate” ni la Kilatini, nalo hunuka kituo cha polisi. “Kingly”, “royal” na “regal” yote ni ya kifalme, lakini kila moja lina mahali pake. Kwa kawaida neno fupi la kienyeji ni la moyoni, na neno refu la Kilatini ni la ofisini au kitabuni.

Kijana aliyetoka Kongo au Burundi akiwa amesoma Kifaransa, mara nyingi hujiona maskini katika shule za Kakuma, kwa kuwa ulimi wake huchelewa. Kumbe amebeba hazina. Maneno kama “commence”, “liberty”, “courage” na “solitude” ambayo humtoa jasho mwenzake, yeye alikwisha kuyaona. Kadhalika aliyesoma kwa Kiarabu huko Sudan atatambua kwamba “algebra” na “zero” yalisafiri kutoka katika lugha aijuayo, na kwamba sifuri ya Waswahili na “zero” ya Waingereza zilitoka katika chungu kimoja. Dawati moja likikaliwa na Mturkana, Mkongo na Msudani, mna kamusi tatu hapo. Ni kuzifungua tu.

RANGI ZA MANENO

Waturkana, kama wafugaji wengine, hawatosheki kusema ng'ombe mweusi na ng'ombe mweupe. Wana jina kwa kila rangi na kila namna ya madoa, na mwanamume aweza kuitwa kwa jina litokanalo na rangi ya dume lake ampendaye. Mtu akikosea rangi amekosea ng'ombe, na pengine amezusha kesi.

Maneno ya Kiingereza yatazamwe kwa jicho hilo hilo. “Sad” ni mwenye huzuni. “Melancholy” ni huzuni ya kimya ikaayo muda mrefu. “Despondent” ni aliyekata tamaa. “Morose” ni aliyenuna, asiyetaka kusemeshwa. Mwanafunzi aandikaye insha juu ya mama aliyefiwa na mwanawe, akamwita “morose”, amempaka mama yule rangi isiyo yake, na mtahini ataona mara moja.

Chukua mfano mwingine. Kijana aombaye msaada wa masomo aandike kwamba shule yake ni “notorious” kwa bidii. Yeye alidhani neno hilo maana yake ni mashuhuri. Kweli ni mashuhuri, lakini kwa ubaya, kama mwizi wa mifugo ajulikanaye katika kila boma. Afadhali angaliandika “well known”, maneno mawili mepesi yasiyo na hatari.

Kuna tabia iliyoenea katika shule nyingi, nayo ni kutafuta maneno makubwa kwa ajili ya kuwastaajabisha wenzi. Orodha hunakiliwa kutoka daftari hata daftari, zikakaririwa usiku, zikamwagwa katika insha asubuhi. Maneno hayo ni kama nguo za kuazima: yanapwaya mabegani, na kila mtu ajua mwenyewe ni nani. Neno gumu hutumiwa wakati neno jepesi halitoshi, si kabla ya hapo.

MITEGO NJIANI

Hata elimu ya mashina ina mitego yake. “Inflammable” huandikwa juu ya matangi ya petroli. Kijana ajuaye kwamba kiambishi “in” mara nyingi maana yake ni kukataa, aweza kudhani kitu hicho hakishiki moto. Kumbe maana yake ni kinyume: chashika moto upesi! Mtu aweza kuunguza nyumba kwa kosa hilo la sarufi. “Invaluable” nalo si kitu kisicho na thamani, bali ni kitu ambacho thamani yake haina kipimo. Naye msomi wa Kifaransa ajihadhari: “librairie” ya Wafaransa ni duka la vitabu, lakini “library” ya Waingereza ni mahali pa kuazima vitabu; na “sensible” ya Kifaransa ni mtu mwepesi wa kuhisi, si mtu mwenye busara kama ilivyo katika Kiingereza.

Basi shina ni mahali pa kuanzia kukisia, si pa kumalizia. Mwanafunzi akisie kwanza, kisha asome sentensi nzima, na sentensi iliyotangulia, na ifuatayo. Mwisho aulize kamusi au mwalimu. Ndiyo maana mtihani husema wazi kwamba maana itakiwayo ni ile iliyotumika katika habari.

DAFTARI NA MARUDIO

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akaandika mwaka 1885 kwamba mambo mengi tuliyojifunza husahaulika upesi sana katika siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa nafasi ndiko kunakoyafunga moyoni. Kwa hiyo kukariri maneno 50 usiku wa kuamkia mtihani ni kumwaga maji mchangani. Maneno matano yarudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi.

Vifaa vyake si vya gharama. Yatosha daftari moja na kalamu. Kila neno lipewe mistari mitano: kwanza neno lenyewe, pili sentensi ya kitabuni lilimopatikana, tatu shina lake na ndugu zake, nne neno lililo kinyume chake, tano sentensi aliyoitunga mwanafunzi mwenyewe juu ya mambo ayajuayo, kama vile ukame, mgao wa chakula, mto uliofurika, au mchezo wa mpira. Neno lisilowahi kutumiwa na mwanafunzi katika sentensi yake mwenyewe halijawa lake.

Mahali ambapo kitabu kimoja hushirikiwa na watu kadhaa, mmoja asome kwa sauti, wengine waandike maneno mageni, kisha wagawane: kila mtu atafute mawili na kuwafundisha wenzake. Magazeti ya kale yaliyofungiwa sukari dukani nayo ni kitabu. Huko Kakuma wakimbizi walianzisha gazeti lao wenyewe, Kanere, mwaka 2008, na mambo yake yaliandikwa kwa Kiingereza na watu waliojifunza lugha hiyo kama wageni. Kijana apendaye kuandika aone kwamba jambo hilo lawezekana.

Hatimaye liko neno kwa wazazi. Wako wazee wengi, Lodwar na Kakuma, ambao hawakupata shule, nao hudhani hawana msaada wowote katika jambo hili. Wanao. Mzazi amwulize mwanawe kila jioni, “Leo umejifunza neno gani?” Kisha amwambie alieleze kwa Kiturkana, au kwa Kidinka, au kwa Kisomali, pasipo kutumia Kiingereza hata kidogo, mpaka wadogo zake waelewe. Mtoto akiweza, neno amelipata. Akigugumia, mzazi amrudishe kwenye kitabu chake maadamu taa ingaliwaka.